Mvua ya leo, ukame wa kale: kwa nini Afrika ina aina chache za ukoo wa mnazi

Ukifuata pwani kutoka Tanga hadi Mombasa na kuendelea mpaka Malindi, utaona minazi mpaka uchoke, na ungeweza kuapa kwamba hapa ndipo kwao. Sivyo. Mnazi uliletwa na mabaharia. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2011 uliigawa minazi ya dunia katika makundi mawili makubwa, moja la upande wa Bahari ya Hindi na jingine la Pasifiki. Minazi ya Madagaska, Komoro na pwani yetu ilikutwa na damu ya pande zote mbili, na watafiti wakaona humo alama za safari za Waaustronesia, watu wa visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki, waliovuka bahari kwa mashua zao. Mtende nao ni mgeni kwetu, na mpopoo vilevile. Ukiwaondoa wageni hawa wote, ukoo wa mnazi, ambao wanabotania huuita Arecaceae, unabakiwa na wenyeji wa kuhesabika: mkoma, mvumo, mkindu, mwale, mchikichi, na wengine wachache ambao watu wengi hawajawahi kuwaona.

Uchache huu si wa Kenya na Tanzania peke yake. Dunia ina spishi zaidi ya 2,500 za ukoo huu. Afrika bara, kuanzia Moroko hadi Afrika Kusini, ina takribani 65. Kisiwa cha New Guinea kina 250 hivi. Madagaska, ambayo eneo lake ni kama sehemu moja ya hamsini ya bara letu, ina karibu 200, na karibu zote hazipatikani popote pengine. Hata Shelisheli, visiwa ambavyo ukivijumlisha havifiki ukubwa wa wilaya moja, vina spishi sita za wenyeji, na kila moja imepewa jenasi (kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu) yake peke yake.

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba Afrika ni kavu. Si jibu baya, ila linafika nusu ya njia. Kuna maswali mawili ambayo huchanganywa kila siku. La kwanza: kwa nini mkoma unaota Turkana na mwale unaota bondeni? Hilo linajibiwa na tabianchi ya leo. La pili: kwa nini bara zima lina spishi 65 na si 650? Tabianchi ya leo haitoshi kulijibu hilo. Inabidi turudi nyuma mamilioni ya miaka.

Mti wenye moyo mmoja

Tuanze na mwili wa mti, kwa sababu baridi na ukame huua kwa njia maalumu, na njia hizo zimo katika umbo lake.

Mwembe ukikatwa tawi hutoa jingine. Mnazi ukikatwa moyo, ile sehemu laini nyeupe iliyojificha kileleni katikati ya makuti machanga, umekwisha. Kila kuti na kila karara la shina hilo huanzia hapo. Mkindu huota mashina mengi kutoka chini, kwa hiyo likifa moja hubaki mengine, lakini kila shina bado lina moyo wake mmoja tu.

Halafu kuna shina lenyewe. Mwembe hunenepa mwaka hadi mwaka kwa sababu chini ya gome lake kuna tabaka linalotengeneza mbao mpya. Miti ya ukoo wa mnazi haina tabaka hilo. Mche hulazimika kujenga unene wake kwanza ukiwa bado chini, ndipo uanze kurefuka. Ndiyo maana mvumo mchanga unaweza kukaa miaka mingi ukiwa majani tu yaliyotokeza ardhini, mtu akadhani umedumaa. Mirija inayopandisha maji nayo haibadilishwi. Ile iliyojengwa utotoni ndiyo itakayofanya kazi mpaka mti ufe. Zaidi ya hayo, ukoo huu haujui kulala. Miti ya nchi za baridi hupukutisha majani na kungoja majira yapite, ilhali mnazi hudumisha majani yake makubwa na moyo wake uliojaa maji mwaka mzima.

Sasa ulete usiku mmoja wa jalidi, baridi inayogandisha umande kuwa barafu. Maji yakiganda ndani ya moyo, seli zake hupasuka. Yakiganda ndani ya mirija, mapovu ya hewa hukata safu ya maji. Mti wa aina nyingine ungechipua upya pembeni. Huu hauna pembeni.

Kwa hiyo mpaka wa nje wa ukoo mzima duniani huwekwa na baridi. Upande wa kaskazini, mwenyeji wa mwisho ni Chamaerops humilis, kichaka cha Mediterania kinachoota Moroko, Algeria na Hispania na kugusa kusini mwa Ufaransa, karibu nyuzi 44 za latitudo kutoka ikweta. Upande wa kusini, wa mwisho ni Rhopalostylis sapida wa New Zealand, unaofika visiwa vya Chatham, nako ni karibu nyuzi 44. Katikati ya mipaka hiyo miwili ndimo umo karibu ukoo wote, na walio wengi wamebanana kwenye tropiki.

Wanajiolojia wameutumia udhaifu huu kwa manufaa yao. Jani la ukoo wa mnazi likikutwa ndani ya mwamba, wanajua majira ya baridi ya mahali pale, wakati ule, hayakuwa makali. Kwa kawaida hukadiria kwamba wastani wa mwezi wa baridi kuliko yote haukushuka chini ya nyuzi 5 za Selsiasi. Wyoming, jimbo la Marekani ambalo leo hufunikwa na theluji, lina visukuku kama hivyo vya enzi ya Eosini, takribani miaka milioni 50 iliyopita. Na chavua ya ukoo huu imetolewa chini ya bahari kando ya Antaktika, katika tope la kipindi kinachokaribiana na hicho. Dunia ilikuwa na joto kiasi hicho.

Kwetu tatizo ni maji

Sehemu kubwa ya Afrika haipati jalidi, kwa hiyo sheria ya baridi hututosha kueleza tu kwa nini hukuti mti wa ukoo huu juu ya msitu wa Kilimanjaro au katika nyanda za baridi za Lesotho. Kinachoamua mengine ni maji.

Mwaka 2010, Anne Blach-Overgaard, Jens-Christian Svenning na wenzao walichapisha kazi iliyopima ni nini hasa kinachopanga spishi za ukoo huu barani Afrika: tabianchi, udongo na sura ya nchi, au umbali tu kutoka pale spishi zilipo tayari. Kwa kipimo cha bara zima, tabianchi iliongoza, na ndani ya tabianchi, mambo ya maji yalikuwa mazito kuliko ya joto.

Ili kuona uzito huo, linganisha miji inayokaa karibu na mstari wa ikweta. Singapore hupata mvua takribani milimita 2,300 kwa mwaka, na hakuna mwezi usio na mvua. Mogadishu, iliyo nyuzi 2 tu kaskazini mwa ikweta, hupata kama 400. Mombasa hupata kama 1,000, nyingi zikishuka wakati wa masika. Sababu yake mabaharia wetu waliijua kwa vitendo kabla haijawekwa kwenye ramani: pepo zetu kuu hazileti maji mengi bara. Kaskazi hutoka upande wa Uarabuni ikiwa kavu. Kusi ina nguvu, lakini sehemu kubwa yake hukimbia sambamba na pwani badala ya kuipiga uso kwa uso, na ikifika Somalia huvuta juu maji baridi ya kilindi, ambayo hayatoi mvuke wa kutosha kuunda mawingu. Mvua zetu kubwa huja pepo zinapobadilishana zamu. Katikati ya zamu hizo kuna miezi ya kiu, na mti usiojua kulala unapaswa kuivuka ukiwa macho.

Kila mmoja wa wenyeji wetu amepata namna yake. Mwale umechagua kutohangaika: unakaa palipo na maji, kwenye mabonde yenye matope, kingo za mito na vinamasi. Majani yake ni miongoni mwa marefu kuliko yote katika mimea. Mwenzake wa Afrika ya Kati, Raphia regalis, ana jani linaloweza kufika mita 25. Jani la namna hiyo lingekausha mti ndani ya msimu mmoja huko nyikani. Mkindu ni mvumilivu zaidi na umeenea karibu tropiki yote ya Afrika hadi Madagaska, lakini ukitazama vizuri utaukuta karibu na kijito, chemchemi au mahali maji ya ardhini yalipo karibu. Wanawake wanaosuka mikeka wanajua hilo kuliko ramani yoyote: ukindu mzuri hutafutwa palipo na unyevu.

Mvumo na mkoma ndio wa nchi kavu, na hapa inafaa kuitazama mbegu. Kokwa la mvumo likianza kuota halipeleki chipukizi juu. Linatoa mrija mnene mweupe unaochimba kwenda chini, na ncha ya mrija huo ndiyo iliyobeba kiini cha mche. Kiini hicho kikishafika makumi ya sentimita chini ya ardhi ndipo mizizi huenda chini zaidi na jani la kwanza hupanda juu. Mbegu inajizika yenyewe. Moto wa nyika unaopita kila kiangazi huunguza jani, lakini moyo umo udongoni, mahali penye unyevu unaobaki wiki kadhaa baada ya mvua kukatika. Mkoma hufanya vivyo hivyo. Kati ya mbinu zote za ukoo huu ninazozijua, hii ndiyo inayonivutia kuliko zote: udhaifu wa kuwa na moyo mmoja umetibiwa kwa kuuficha moyo huo chini ya ardhi katika miaka ambayo mti ni mdogo.

Lodwar, mji mkuu wa Turkana, hupata mvua takribani milimita 200 kwa mwaka. Hata hivyo, kando ya mto Turkwel mikoma imesimama safu kwa safu, mashina yake yakigawanyika pacha pacha, jambo la nadra mno katika ukoo huu. Ukiweka alama ya mti huo kwenye ramani ya mvua utadhani unaishi kwa ukame. Hauishi kwa ukame. Mizizi yake imefika kwenye maji yaliyo chini ya mchanga wa mto, na maji hayo yalinyesha mbali, kwenye Mlima Elgon na vilima vya Cherangani. Waarabu husema mtende hutaka miguu majini na kichwa motoni, na kauli hiyo inaufaa mkoma kabisa. Kuhusu mtende wenyewe, mwaka 2017 watafiti walieleza kwamba wamepata mitende ya porini kwelikweli, si iliyotoroka mashambani, katika milima ya Omani, nayo ilikuwa pale penye maji ya ardhini katikati ya jangwa. Kichwa motoni nacho ni sharti: mvua ikinyesha tende zinapoiva, tunda huharibika, na ndiyo sababu mtende uliopandwa pwani yetu hukua vizuri na kukuvunja moyo wakati wa mavuno.

Mpaka hapo tabianchi ya leo inafanya kazi yake vizuri. Inaeleza nani anakaa wapi.

Usambara inavuruga hesabu

Twende Amani, Usambara Mashariki. Mvua takribani milimita 1,900 kwa mwaka, jalidi hakuna, ukungu asubuhi, msitu mnene. Kama mvua ingekuwa ndiyo kila kitu, hapa pangepaswa kujaa spishi za ukoo wa mnazi za chini ya msitu, zile ndogo zenye mashina membamba kama zilivyojaa Borneo na Amazoni. Milima hii ya Tao la Mashariki imejaa viumbe vya pekee: vinyonga, vyura, maua ya Saintpaulia yanayouzwa duniani kote kwenye vyungu. Lakini hakuna hata spishi moja ya ukoo wa mnazi inayojulikana kuwa ya milima hiyo peke yake.

Tazama na henzirani, ambayo Wakongo huiita kekele na hutengenezea viti, na ambayo kizazi fulani cha wanafunzi waliijua kwa jina la bakora. Hiyo pia ni ya ukoo wa mnazi, ila ni mtambaazi wenye miiba unaopanda juu ya miti mingine kutafuta jua. Asia ya Kusini-Mashariki ina mamia ya spishi zake. Afrika ina kama ishirini, nyingi zikiwa Afrika ya Kati na Magharibi, chache zikivuka hadi Uganda.

Na tazama Andes. Nchini Kolombia, Ceroxylon quindiuense, mti wa taifa, hufika urefu wa mita 60 na huota hata karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, kwenye baridi na ukungu. Mlima Kenya, Rwenzori na Virunga ina ukungu na mwinuko wa namna hiyo hiyo. Nafasi ipo. Hakuna aliyeijaza. Tabianchi inaweza kufungua mlango, lakini haiwezi kuumba mgeni wa kuingia. Lazima kuwe na jamaa wa karibu ambaye kizazi chake, kwa mamilioni ya miaka, kingeweza kubadilika na kuizoea baridi hiyo. Amerika ya Kusini ilikuwa na jamaa huyo. Afrika haikuwa naye, au ilikuwa naye akafa.

Yaliyozikwa Chilga

Ushahidi unaelekea huko kwenye kufa. Katika miamba ya mwishoni mwa enzi ya Kretasia, zaidi ya miaka milioni 66 iliyopita, chavua ya ukoo wa mnazi ni nyingi kiasi kwamba wataalamu wa chavua wameupa ukanda wa Afrika na kaskazini mwa Amerika ya Kusini wa wakati ule jina la mkoa wa ukoo huo. Afrika haikuanza ikiwa maskini.

Chilga, kaskazini-magharibi mwa Ethiopia, kuna mabaki ya msitu wa miaka milioni 27 hadi 28 iliyopita. Ukoo wa mnazi ulikuwa sehemu kubwa ya msitu ule. Miongoni mwa yaliyokutwa ni chavua ya Sclerosperma, jenasi ambayo leo inaishi tu kwenye misitu yenye maji ya Afrika ya Kati na Magharibi, ikiwemo Gaboni na Kongo. Yaani mti ambao sasa unahitaji kinamasi cha Gaboni ulikuwa unaota mahali ambapo leo ni nyanda za Ethiopia zenye msimu mrefu wa kiangazi.

Mambo yaliyoondoa miti hiyo yalikuja kwa mafungu. Takribani miaka milioni 34 iliyopita dunia ilipoa ghafla, kwa kipimo cha jiolojia, na barafu ikaanza kuifunika Antaktika. Aina nyingi za chavua ya ukoo huu hupotea katika rekodi za Afrika karibu na wakati huo. Baadaye ardhi ya Afrika Mashariki ikainuka, Bonde la Ufa likafunguka, na upepo wenye unyevu ukakutana na miinuko ambayo haikuwapo. Kaskazini, bahari ya kale ya Tethys ilisinyaa na Sahara ikaanza kuwa Sahara. Nyasi zilitanuka, na pamoja nazo moto. Kisha zama za barafu zikaja mara baada ya mara, na kila mara msitu wa Kongo ulipungua na kukatikakatika. Spishi inayohitaji unyevu wa mwezi hadi mwezi inaweza kustahimili pigo moja. Haya yalikuwa mengi, na katikati yake hapakuwa na nafasi ya kutosha ya kuzaa spishi mpya kufidia zilizokufa. Hata leo msitu wa mvua wa Afrika ndio mkavu kuliko wenzake wa Asia na Amerika. Sehemu kubwa yake hupata milimita 1,600 hadi 2,000 tu.

Kuna jaribio moja ambalo watu walilifanya bila kujua. Nypa fruticans ni mti wa ukoo huu unaoishi na mikoko ya Asia, shina lake likilala ndani ya tope na majani yakichomoza juu ya maji. Visukuku vyake vya enzi ya Eosini vipo Afrika, Ulaya na Amerika. Kisha ukatoweka kote huko. Mwaka 1906 ukaletwa Nigeria kutoka Singapore. Leo umetapakaa katika delta ya Niger na kuisukuma mikoko ya wenyeji mpaka serikali na wavuvi wanalalamika. Tabianchi ya sasa ya delta ile inaufaa kabisa. Kilichokuwa kimekosekana ni mti wenyewe, uliofutwa na tabianchi ya zamani. Sijui mfano mwingine unaotenganisha maswali yetu mawili kwa uwazi kama huu.

Mabaki mengine ya zamani yamekwama mahali padogo padogo. Livistona carinensis, ambaye karibu ndugu zake wote wako Asia na Australia, amebaki katika mabonde machache ya Jibuti, Somalia na Yemeni, penye chemchemi. Medemia argun, ambao matunda yake yamekutwa ndani ya makaburi ya Misri ya kale, leo una vikundi vichache tu kusini mwa Misri na katika jangwa la Nubia nchini Sudan. Jubaeopsis caffra, jamaa wa karibu wa mnazi, anaota porini kandokando ya mito ya Mtentu na Msikaba, Afrika Kusini, basi. Ramani za spishi hizi zinaonyesha vizuri zaidi mahali ambapo maji hayakukatika kuliko zinavyoonyesha mvua ya leo.

Madagaska, na kipande chake kilichoko Pemba

Madagaska ilipata bahati ya upepo. Pepo za kusini-mashariki hutoka baharini zimejaa unyevu na kugonga ukuta wa milima ya mashariki mwa kisiwa, kwa hiyo pale rasi ya Masoala na ghuba ya Antongil mvua hupita milimita 3,000 na karibu kila mwezi unanyesha. Huko ndiko spishi zilikorundikana. Upande wa kusini-magharibi, uliokingwa na milima hiyo, ni nchi ya vichaka vya miiba, na ukoo wa mnazi umebaki na wachache.

Lakini hata Madagaska mvua ya leo haimalizi habari. Mwaka 2013, mtaalamu wa Kimalagasi Mijoro Rakotoarinivo na wenzake walionyesha kwamba mvua ya wakati wa kilele cha zama za mwisho za barafu, kama miaka 21,000 iliyopita, ni miongoni mwa mambo makubwa yanayoeleza wapi kisiwani pana spishi nyingi sasa. Mahali palipobaki na maji wakati kwingine kumekauka ndipo ukoo ulipojihifadhi, na wengi hawajasambaa mbali tangu hapo. Miaka 21,000 ni kizazi baada ya kizazi kwa binadamu; kwa mti unaochukua miongo kadhaa kuzaa na ambao mbegu zake nzito huanguka miguuni pake, si muda mrefu hivyo.

Pemba inatuletea habari hii nyumbani. Katika msitu wa Ngezi, na ule wa Msitu Mkuu, kuna mti mwembamba wenye mashina ya kushikana na matunda madogo mekundu, ambao Wapemba wanauita mpapindi. Ulielezwa kisayansi mwaka 1962 na Harold Moore kwa jina la Chrysalidocarpus pembanus. Jenasi hiyo ni ya Madagaska, na jamaa yake mwingine yuko Komoro. Bara haipo. Wala Unguja hauoti porini.

Tofauti ya Pemba na Unguja iko chini ya maji. Bahari iliposhuka mita 120 hivi katika zama za barafu, Unguja iliungana na bara, ukaweza kutembea kwa miguu kutoka Bagamoyo. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita. Pemba ilibaki kisiwa, imezungukwa na bahari inayotuliza joto na kuleta mvua, zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Popo wa Pemba, yule mkubwa wa matunda, ana habari inayofanana: ndugu zake wako Komoro, Madagaska na Asia, si Afrika bara. Mtu akiniuliza ni mti upi nchini Tanzania unaostahili safari, nitamwelekeza Ngezi kabla ya kumwelekeza kwenye mbuyu wowote.

Wasiohesabiwa kwenye mvua

Ingekuwa kosa kuiachia tabianchi kila kitu. Tembo humeza matunda ya mvumo na mkoma mazima na kuziacha kokwa mbali. Palipokosekana tembo, kokwa hubaki chini ya mama yake. Moto wa wafugaji umeupa mkoma uwanja mpana. Na mchikichi una kesi yake ya pekee. Ni mti wa jua, hausitawi ndani ya kivuli cha msitu mzito. Katika tope la ziwa Barombi Mbo, Kameruni, chavua yake huongezeka karibu miaka 2,500 iliyopita, wakati msitu wa eneo hilo ulipopasuka. Wapo wanaosema msimu wa kiangazi ulirefuka na kuvunja msitu. Wapo wanaosema wakulima waliokuwa wakienea walifyeka na kubeba chikichi kila walikokwenda. Kwa maoni yangu mabishano haya yamelazimishwa kuwa ya upande mmoja bila sababu. Kiangazi kikifungua msitu, mkulima hupenya kwa urahisi, na chikichi humfuata. Michikichi ya Kigoma na ya mashariki mwa Kongo, inayotoa mawese ya sokoni, imo katika mchanganyiko huo huo wa mvua na mikono ya watu.

Kuhusu joto linaloongezeka sasa, upande wa baridi dalili ziko wazi. Trachycarpus fortunei, mti wa Asia unaostahimili baridi kuliko karibu jamaa zake wote, ulipandwa bustanini kusini mwa Uswisi. Sasa unaota wenyewe msituni katika jimbo la Ticino kwa kuwa majira ya baridi yamelegea. Madagaska hatari iliyo karibu ni shoka na moto: tathmini iliyotangazwa mwaka 2012 ilikuta asilimia 83 ya spishi 192 zilizochunguzwa ziko hatarini kutoweka.

Kwetu, utabiri unaotegemea ramani ya mvua pekee utakosea hasa kwa miti inayojulikana zaidi. Mkoma wa Turkwel hautajali sana kama Lodwar itapata milimita 150 au 250. Utajali mvua ya Elgon na Cherangani, na tangu bwawa la Turkwel lilipojengwa, utajali pia ni lini maji yanafunguliwa, kwa sababu miche yake inahitaji mchanga uliolowa kwa muda wa kutosha mpaka mrija ule mweupe ufike chini.